Timu yangu inapigwa kila wiki kwenye BuzzerBeater, nibadilishe mfumo gani?

Mdau mmoja wa BuzzerBeater, lile gemu la mtandaoni la kuendesha timu ya mpira wa kikapu, kaniandikia, namfupisha kidogo: "Mkuu shikamoo. Nilipewa timu BuzzerBeater wiki saba zilizopita, kabla yangu ilikuwa inajiendesha na roboti. Mechi 13 nimeshinda 2, nipo wa saba kwenye kundi la timu nane. Wiki tatu nyuma nilitoa karibu hela yote nikamnunua senta wa miaka 33, ligi nzima hamna senta kama yeye, lakini bado tunafungwa kwa pointi 20 na zaidi. Kila Jumatatu salio linashuka. Nimejaribu zoni (kukaba kwa maeneo), nimejaribu kukaba uwanja mzima, nimejaribu kukimbia, nimejaribu kutulia, hamna kitu, kulisha ndani tu ndo kulinipa nafuu kidogo mechi mbili. Mazoezini nafundisha rebaundi kwa masenta, na kikosi nina wachezaji 17. Nibadilishe mfumo gani?"

Marahaba mdogo wangu. Usibadilishe mfumo. Muuze huyo senta.

Najua unaona nimechanganyikiwa, ndo mchezaji pekee unayejivunia pale, na mimi nilifanya kosa hilihili msimu wangu wa kwanza, nikanunua babu wa miaka 34 nikakaa namwangalia kwenye orodha ya kikosi kama vile nimeoa. Alikuwa anapiga pointi 25 tunafungwa. Ila ngoja nikueleze kwanini naanza na yeye, maana ukielewa hilo mengine yote utayaona mwenyewe. Senta wako anakuharibia sehemu tatu kwa mpigo, hela, mpira na dakika, na hiyo ya dakika ndo wengi hawaioni kabisa.

Tuanze na hela. Kwenye hili gemu mishahara inalipwa kila wiki, hesabu inapita Jumatatu, na mshahara wa mchezaji unatokana na skili zake na nafasi ambayo skili hizo zinampeleka. Watu wakubwa wa chini ya ringi, wale wenye kufunga ndani, kuzuia ndani na rebaundi zote ziko juu, mshahara wao unapanda vibaya mno, kila ngazi inayoongezeka inauma kuliko iliyopita. Mchezaji ambaye skili zake zimesambaa, kidogo huku kidogo kule, analipwa kidogo kuliko yule mwenye skili mbili tatu zilizojaa, na uwanjani mara nyingi anasaidia zaidi. Sasa wewe timu ya daraja la chini, uwanja mdogo, mashabiki wamenuna, ukabeba mshahara wa mtu wa timu ya juu. Fungua ukurasa wa fedha uangalie yeye peke yake anakula sehemu gani ya mishahara yote. Nabashiri ni theluthi moja au zaidi.

Halafu jambo dogo hapohapo, usihukumu hali yako ya hela kwa Jumatatu moja. Ligi ina mechi mbili kwa wiki, kuna wiki unacheza zote ugenini huingizi kitu cha tiketi, kuna wiki zote nyumbani unajiona tajiri. Chukua wiki nne za nyuma, jumlisha zote, gawa kwa nne, ndo utajua kila wiki unavuja kiasi gani kweli. Nimeona watu wanauza timu nzima kwa hofu ya wiki moja ya ugenini.

Ya pili ni mpira. Umesema mfumo wa kulisha ndani ulikupa nafuu kidogo kwenye mechi mbili tu. Nikuulize, nani anamlisha? Nenda kwenye takwimu za mechi ya juzi, pale chini kuna viwango vya timu, kufunga kwa nje, mtiririko wa mashambulizi, kuzuia nje, kufunga ndani, kuzuia ndani, rebaundi. Angalia huo mtiririko. Timu iliyoachwa na roboti karibu kila mara ina magadi wabovu, yaani wale wachezaji wa nje wanaoleta mpira mbele, hawana pasi, hawamiliki mpira, na mtiririko unatokana na pasi na umiliki wa mpira wa watu wako, hasa wale wa nyuma. Ukiwa chini, asisti zinakauka, mipira inapotea, na huyo senta wako anapata mpira akiwa amebanwa au hapati kabisa, gadi wako anaamua kurusha mwenyewe kwa mkono uliolegea. Pana kipimo kingine kizuri watu hawakisomi, pointi kwa kila mitupo 100, kwa kila nafasi. Senta akiwa na namba nzuri hapo lakini mitupo yake ni michache basi tatizo haliko kwake wala kwenye mfumo, liko kwa anayemtumia mpira.

Na upande wa pili vilevile, gadi asiyejua kuzuia nje anamwachia mpinzani naye acheze anavyotaka. Ndo maana unafungwa 20. Senta mzuri hawezi kuziba tundu lililo mita nane mbele yake.

Kwahiyo ulitakiwa ile hela uigawe mara tatu. Pointi gadi, yule anayeongoza mashambulizi, mwenye pasi na dribo nzuri hata kama hajui kurusha, gadi mwingine mwenye kuzuia nje, na wa tatu mtu wa ndani wa kawaida tu wa miaka 27 au 28. Hakuna hata mmoja ungemtamani. Lakini ungekuwa na ushindi sita saa hizi, sio viwili. Pointi gadi wa kupasia tu asiye na mtupo hapiganiwi sana sokoni, kila mtu anataka mfungaji, na hapo ndo timu maskini inapata chakula chake.

Sasa ya tatu, dakika, na hapa naomba utulie usome polepole maana ndo roho ya gemu yenyewe.

Kila Ijumaa timu inafanya mazoezi mara moja. Unachagua skili moja na nafasi moja (au mbili, au timu nzima ila hapo kila mtu anapata vijichembe). Anayefaidika ni yule aliyecheza kwenye nafasi hiyo wiki hiyo, na ili apate zoezi kamili anatakiwa afikishe dakika 48. Mechi ina dakika 48. Wiki ina mechi tatu, mbili za ligi na moja ya kombe, na ukishatolewa kombe unaomba ya kirafiki. 48 mara tatu ni 144, gawa kwa 48, watu watatu. Yaani ukichagua nafasi moja, una viti vitatu vya darasa kwa wiki, basi. Hivyo viti vitatu ndo kitu pekee unachopewa bure kwenye hili gemu na kila timu ina idadi sawa, bingwa ana vitatu na wewe wa saba una vitatu. Huwezi kumzidi bingwa kwa hela wala kwa uwanja wala kwa mashabiki, ila viti vya darasa mko sawa kabisa.

Umeniambia unafundisha rebaundi kwa masenta. Halafu hao masenta ni nani? Babu anacheza mechi zote za ligi, dakika 40 kila moja, kwahiyo katika dakika 144 za darasa yeye amekalia 80. Mtu wa miaka 33! Huyo haongezeki kitu, mwili umeshachoka kujifunza, kijana wa miaka 18 au 19 anapanda haraka kuliko wa 25, wa 25 kuliko wa 30, huyo wako yuko kwenye umri ambao skili zinaanza kuporomoka badala ya kupanda. Unamlipa mshahara mkubwa kuliko wote ili azibe kiti cha kijana. Hapo ndo inaponiuma zaidi kuliko hata hela.

Kwahiyo muuze. Utapata hasara ndio, maana kuna makato ukiuza mchezaji uliyekaa naye muda mfupi, kadiri ulivyokaa naye ndivyo unavyobaki na asilimia kubwa, na wewe una wiki tatu tu. Lakini fanya hesabu hivi: chukua mshahara wake zidisha kwa wiki zilizobaki msimu huu, halafu kumbuka msimu ukigeuka kila mchezaji anaongezeka mwaka mmoja, wako anakuwa 34, na mnunuzi wa senta wa 34 hatoi hela ya senta wa 33. Ukisubiri ili makato yapungue, umri unakula kuliko makato. Usingoje.

Ukiona huwezi kumwacha aende, basi angalau mhamishe namba nne, ile nafasi nyingine ya ndani. Acha nafasi ya senta kwa vijana. Atakulia hela lakini hatakulia dakika.

Vijana sasa. Tafuta watatu warefu wa miaka 18 hadi 20. Urefu una maana hapa, warefu wanajifunza skili za ndani haraka na za nje wanasuasua, wafupi kinyume chake, usije ukanunua mtoto mrefu ukamfundisha dribo kwa kuwa umeona mahali mtu kafanya, hiyo ni biashara ya wenye timu za misimu kumi. Cha kuangalia ni skili za sasa na kile kiwango cha uwezo wa mwisho, maana kila mchezaji ana dari, akilifikia anapanda kwa shida kama anasukuma ukuta. Ila usilipie dari ya juu kabisa. Mtoto mwenye dari ya kuwa nyota wa timu ya taifa anagombewa na watu wenye hela zao, na wewe unahitaji mtu atakayekusaidia misimu miwili mitatu ijayo halafu umuuze. Dari ya katikati inatosha sana na bei yake ni ya kibinadamu.

Utaniuliza, nikichezesha watoto si nitafungwa zaidi? Swali zuri, na hapa kuna ujanja. Mechi ya kombe au ya kirafiki ina dakika 48 ambazo hazihusiani na msimamo wa ligi. Kijana mmoja mpe hizo zote, mpange senta wa kuanza, senta wa akiba, na senta wa akiba ya akiba, jina lilelile mara tatu, na uweke ile amri ya kumwambia kocha afuate orodha kama ulivyoandika asibadilishe. Labda aumie au atolewe kwa faulo, vinginevyo anamaliza mechi. Huyo kapata darasa lake bila kukugharimu pointi ya ligi. Wa pili mpe mechi ya ligi ambayo unajua wazi huiwezi, ile ya ugenini kwa anayeongoza. Anabaki wa tatu, ndo pekee anayekuumiza kidogo, na yeye mpange kwenye mechi ya nyumbani dhidi ya dhaifu.

Mechi zilizobaki ni 9, maana msimu wa kawaida ni 22. Zipange leo hii kwenye karatasi mafungu matatu. Wale usiowaweza, wale wa kawaida, na majirani zako wa mkiani. Kuna ile sehemu ya kuchagua juhudi ya timu, kucheza kwa kutulia, kawaida, au kufa na kupona. Ukitulia timu inacheza chini ya uwezo wake lakini hamasa inapanda, ukikaza inashuka na mechi zinazofuata unalipa. Meneja wengi wanaofungwa wanakaza kila mechi, hasira tu hiyo, wanakaza wakienda kwa bingwa wanafungwa 15 badala ya 25, halafu wiki inayofuata wanakutana na jirani yao wa nafasi ya sita wakiwa hamasa imekwisha. Wewe fanya kinyume. Kwa wababe tulia. Ile hamasa unayoikusanya unaimwaga kwa wa sita na wa nane. Anayemaliza mwisho wa kundi anashuka moja kwa moja, walio juu yake kidogo wanacheza za kujinusuru, kwahiyo mechi mbili tatu dhidi ya hao majirani zina uzito kuliko zote sita nyingine.

Kuhusu mfumo wenyewe, kwa kuwa umeuliza. Kukaba uwanja mzima acha kabisa kwa sasa, unachosha watu wako na kuongeza faulo, na wewe benchi huna. Zoni ya mbili tatu inaziba ndani inaachia nje, ya tatu mbili kinyume, usiitumie mpaka umeangalia mechi tatu za mwisho za mpinzani umeona anashambulia wapi. Watu ni wavivu kubadilisha, aliyeshambulia nje mara tatu ya nne atashambulia nje tu. Hapohapo utatumia ile sehemu ya maandalizi ya mechi, unakisia mpinzani atalenga ndani au nje na atacheza haraka au taratibu, ukipatia unapata nyongeza. Ukiwa huna uhakika baki mtu kwa mtu. Na kwenye kushambulia, kwa magadi ulionao cheza mfumo wa msingi ule wa kawaida mpaka upate mpasiaji. Sio wa kusisimua, najua.

Fomu ya wachezaji nayo inaliwa na dakika. Mtu akicheza kati ya 50 na 70 hivi kwa wiki fomu inakaa vizuri, akizidi sana anachoka, akipungua sana anapata kutu. Sasa cheki hesabu hii: nafasi tano mara dakika 144 ni 720. Gawa kwa 60 unapata 12. Hao ndo wachezaji ambao timu yako inaweza kuwalisha. Wewe umesema una 17! Watano wanakula mshahara wako wanakaa na kutu. Wapunguze, anza na wenye zaidi ya 29 ambao hawaanzi, ukikosa mnunuzi waachie tu. Ila angalia usishuke mno, gemu ina sakafu ya mishahara, timu inayolipa kidogo kupita kiasi inakatwa tofauti, kwahiyo usije ukajifanya mjanja ukabaki na watoto watupu.

Uwanja na wafanyakazi sitakaa sana. Usijenge viti vipya wakati vya sasa havijai. Treina, yaani mwalimu wa mazoezi, ndo wa muhimu, daktari wa kawaida anatosha, mtu wa PR (mahusiano na mashabiki) wa bei nafuu, na ukumbuke mishahara yao inakua kidogokidogo kila wiki hata usipogusa kitu, hivyo kila msimu kagua kama kumbadilisha kunalipa. Bei za tiketi kama viwanja vinajaa nusu shusha kidogo, subiri mechi mbili tatu za nyumbani ndo uamue tena, sio kila siku unabonyeza.

Drafti, yaani ule mgao wa vijana wapya kwa timu. Nimesikia wengi wanasema bora ufungwe zote upate chaguo la mapema. Mimi siamini hiyo. Wengi wanaotoka kule ni wa kawaida sana, hata wa mzunguko wa kwanza, unaweza kuchagua mapema ukaambulia mtoto asiyefika popote, na wakati huo mashabiki wamekukimbia na hela ya tiketi imekufa. Tenga hela kidogo ya skauti ili ujue unachochagua, lakini usiutoe msimu sadaka kwa ajili hiyo. Mtoto unayemtaka yuko sokoni tayari, skili zake unaziona.

Na ukishuka daraja? Utashuka, dunia haitaisha. Mapato ya TV yatapungua, hilo ndo la kuogopa, kwahiyo hakikisha kabla msimu haujaisha mishahara yako iko kwenye kiwango ambacho daraja la chini linaweza kubeba. Anayeumia kwa kushuka ni yule anayeshuka na babu wa theluthi ya bajeti. Anayeshuka na vijana watatu wenye wiki kumi za mazoezi anakutana na wapinzani laini na anaanza kushinda, mashabiki wanarudi, wale watoto wanakomaa wakicheza mechi za kawaida bila kukugharimu. Nimewahi kushuka mara mbili, ya kwanza nilikaa huko muda mrefu, ya pili nilipanda msimu uliofuata, na timu ya pili ilikuwa dhaifu kuliko ya kwanza kwenye karatasi.

Lingine ni subira ya macho. Ukianza mazoezi Ijumaa hii hutaona kitu. Ijumaa ijayo labda. Skili ina vipande vya ndani visivyoonekana, ngazi inapanda vikishajaa, kwahiyo mtoto anaweza kukaa wiki mbili kimya halafu akapanda. Usibadilishe skili kila wiki kwa kuwa hujaona mabadiliko. Chagua moja, kaa nayo angalau wiki nne tano, halafu tizama.

Sasa kazi ya leo usiku. Mweke babu sokoni, na angalia saa ya mnada kuisha, usiiweke saa ambazo mameneja wengi wamelala, panga iangukie jioni ya Ulaya maana ndo watumiaji wengi wako macho, na ikiwezekana iwe mwisho wa wiki. Bei ya kuanzia weka chini ya unayotaka, waache wagombane wenyewe. Hela ikiingia usinunue mtu siku hiyohiyo. Lala kwanza, asubuhi ndo utafute huyo pointi gadi wa kupasia, halafu nitumie viwango vya timu vya mechi mbili zitakazofuata, ule mtiririko hasa, nione kama umepanda hata ngazi moja.